Pete ya Saba Imekubali

Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2024. Mvua ilianza alfajiri, na kulipopambazuka ilikuwa bado inanyesha pale Kakese, nyembamba, haina radi wala upepo, kama mtu asiye na haraka ya kwenda kokote. Baridi iliingia mpaka jikoni. Nilisali rozari yangu nimekaa kwenye kigoda karibu na moto, nikafika tendo la tatu nikasinzia, nikaanza upya, nikasinzia tena. Mwishowe nilimwambia Mungu kwa maneno yangu mwenyewe kwamba nimechoka, na kwamba kama ana njia ya kuniepusha na siku hii, anionyeshe kabla maji ya chai hayajachemka. Maji yakachemka.

Siku hiyo Maduhu alikuwa anakuja nyumbani kuniposa. Kwa kawaida angekuja kaka yake peke yake amsemee, lakini baba yangu, Mzee Hilari, alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu anayemsikia kwenye simu tu. Aje, akae, anywe chai, aonekane. Shangazi Yustina, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki, hakusema kitu. Alikuwa anachambua mchele pembeni yangu, na nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba kimya kile kilikuwa na jambo ndani yake.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Mjini Mpanda nilikuwa mhudumu katika kituo kimoja cha afya: kudeki, kufua mashuka, kuosha na kutakasa vifaa. Shule niliiacha kidato cha pili mama alipougua, na sasa nilikuwa nimerudi darasani jioni, baada ya kazi, nimekaa dawati moja na watoto wanaoniita mama, nijiandae na mtihani wa kidato cha nne. Maduhu alikuwa mtaalamu wa maabara pale pale kituoni. Naye alikuwa anasoma, shahada ya pili ya kemia, chuo chake kiko Dar es Salaam. Wote wawili tulikuwa watu wa kufungua daftari macho yakiwa yanajifunga. Nadhani ndiyo sababu tulipendana.

Wengine wanapata mchumba kwaya, wengine harusini. Mimi nilimpata kwenye ndoo ya barafu. Kazi ya masomo yake ilikuwa kutengeneza rangi, kisha kuzipima kama zinaweza kuua vidudu vya kwenye vidonda, na rangi hizo hazitengenezeki kwenye joto. Lazima dawa ya kwanza ikae chini ya nyuzi tano. Friji ya maabara ilikuwa ya damu na chanjo, na umeme ukikatika ndiyo basi. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba sokoni samaki wa Karema wanafika wakiwa ndani ya barafu. Nikawa namletea kila Jumatano, ndoo kichwani, mabega yamelowa, nanuka migebuka.

Jumatano ya kwanza aliniomba nisiondoke, nitazame. Alikuwa na vikombe viwili vya kioo, na ndani ya vyote viwili ungedhani ni maji matupu. Akakimimina kimoja ndani ya kingine tone kwa tone, juu ya barafu yangu, na yale maji yakawa mekundu mbele ya macho yangu, mekundu kama kitenge ambacho hakijafuliwa. Nilijikuta nimesema, "Yesu wangu." Maduhu akacheka, akanitazama mimi badala ya kutazama kikombe. Akasema ukiwa na haraka, joto likapanda, inatoa mapovu na kila kitu kinaharibika. Nikamwambia basi ni kazi ya mtu mpole. Akaniuliza kama mimi ni mpole.

"Mimi nimechoka tu," nilimjibu. "Watu huwa wanachanganya."

Tangu siku ile aliponitazama vile, sikuwahi kuibeba ndoo ile nikaona ni nzito.

Sasa nieleze kilichoninyima usingizi tangu Alhamisi.

Maduhu alikuwa anaotesha vidudu vya usaha kwenye visahani vya kioo. Juu yake anaweka vikaratasi vya duara, vidogo kama vile vinavyodondoka kwenye panchi ya ofisini, vilivyochovywa kwenye rangi. Kesho yake asubuhi anatazama. Kama rangi imeua, kuzunguka kikaratasi panabaki uwazi. Kama haijaua, vidudu vimejaa mpaka kwenye ukingo wake. Rangi sita hazikuua kitu cha maana. Ya saba iliacha uwazi mpana kuliko ukucha wa dole gumba. Siku ile Maduhu alipiga magoti kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuideki, akanishika mkono, tukasali tukiwa tumelowa magoti. Akatuma majibu chuoni. Msimamizi wake akamjibu kwamba hiyo ni kazi nzuri, aanze kuandika, mwezi wa kwanza aende kuitetea.

Vile vikaratasi nilivikata mimi, na nilivitakasa mimi.

Alhamisi jioni mwalimu wetu wa kemia alifundisha klorini. Alichukua kipande cha kanga kuukuu, chekundu, akakitumbukiza kwenye maji ya klorini. Rangi ikaondoka polepole, wekundu ukawa kama majani makavu. Watoto wakafurahi. Mimi kalamu yangu ilisimama. Nilikuwa nimeiona rangi ile ile ya majani makavu, kwenye vikaratasi vya rangi ya saba, asubuhi ile ya furaha. Maduhu alisema labda ni jua la dirishani.

Kila mara alikuwa ananiambia, "Lusia, nipikie vikaratasi," nami navipika kwenye sufuria la presha mpaka mvuke uue kila kitu. Mara ile ya mwisho alikuwa mlangoni, anamwahi mgonjwa, akasema, "Nitakasie na hivi." Nilikuwa natoka wodini, glovu ziko mikononi. Kwetu wahudumu kutakasa ni ndoo ya klorini, dakika kumi, imeandikwa ukutani. Nikavilowesha dakika kumi. Nikavipangusa juujuu, nikavifunga kwenye chupa vikiwa na unyevu. Hata kile kikaratasi kitupu anachoweka kwa kulinganisha alikitoa kwenye chupa ya zamani, ile ya vilivyopikwa. Kwa hiyo hakuna kilichomwonya. Vidudu vile viliuawa na ndoo yangu.

Nilimpigia usiku ule ule nisimpate. Alikuwa amekwenda kwao Mamba kumchukua kaka yake, na huko mtandao unakuja na kuondoka. Ijumaa mchana akanipigia yeye. Alikuwa anacheka. Alisema kaka yake amenunua shati jipya kwa ajili ya baba yangu kumwona. Sijawahi kumsikia akicheka vile, na nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza. Hilo ndilo kosa langu la pili, na lile la kwanza lilikuwa la kutojua.

Walifika saa nne, wamelowa, pikipiki imejaa tope mpaka kwenye taa. Manyanda, kaka yake, alikuwa mtu mrefu wa buti za mvua, mfugaji, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Maduhu alikuja nyuma yake. Tulisalimiana kwa mkono kama watu wasiojuana. Ncha za vidole vyake zilikuwa za rangi ya machungwa kama siku zote, haitoki kwa sabuni yoyote, na macho yake yalikaa usoni kwangu muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Yaliniuliza, "Una nini?" Nikainamisha kichwa, nikaenda kuleta mihogo na karanga.

Baba alianza kwa utani, kama tulivyotegemea. Alimuuliza Manyanda kama ng'ombe wamewaacha nyumbani au wako njiani wanafuata. Manyanda akasema waliomba sana kuja, lakini aliwaambia mpunga wa mzee bado mdogo, wasubiri ukomae. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nikaona mabega ya Maduhu yanashuka. Walizungumza mvua, wakazungumza njia ya Mamba, wakaulizana habari za marehemu ambao kila upande ulidhani upande mwingine unawafahamu. Kisha Manyanda akakohoa kidogo na kusema wamekuja kwa ajili ya jiko.

Hapo ndipo shangazi, aliyekuwa amekuja kukaa nasi na ungo wake wa mchele, alipofungua kanga yake na kutoa daftari.

Nililitambua. Lilikuwa daftari la Maduhu, alinipa nimnakilie majedwali yake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nililiacha kwenye mkoba wangu, na shangazi hajawahi kuona mkoba ambao haumhusu.

"Kabla hamjafika mbali," alisema, "mimi nina swali kwa huyu kijana. Nyie mtacheka, lakini nitauliza." Akavaa miwani. "Nasoma kama ilivyoandikwa. 'Pete ya kwanza, imekataa. Pete ya pili, imekataa. Pete ya tatu, ilikubali kidogo, ilipopata joto ikakataa.'"

Baba aliweka kikombe chini.

"'Pete ya nne, imeungua. Pete ya tano, haina nguvu. Pete ya sita, imekataa kabisa, tusirudie tena.'" Akafunua ukurasa. "'Pete ya saba imekubali. Mungu asifiwe.'" Akavua miwani, akamtazama Maduhu. "Baba, mimi sikatai mwanamume kukataliwa. Lakini wanawake sita? Na huyu wa nne aliyeungua, kwao wanajua?"

Manyanda alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akanyamaza. Akamwinamia mdogo wake, akamuuliza kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Nilielewa neno moja tu, nalo lilikuwa "sita".

Maduhu hakukasirika. Alivuta sinia, akapanga karanga sita kwenye duara.

"Shangazi, pete ni hii. Siyo ya kidoleni. Karanga hizi ni kaboni, zimeshikana mikono, tunaita pete. Sasa natoa moja." Akatoa karanga moja, akaokota punje ya mchele kwenye ungo wa shangazi na kuiweka pale palipobaki wazi. "Naweka hii. Hii ni nitrojeni. Naweza kuweka salfa pia. Pete haivunjiki, ila tabia yake inabadilika. Halafu naiunganisha na pete nyingine, inatoka rangi. Nimejaribu za aina saba."

Baba alijongeza kiti, akalitazama lile duara kwa muda. "Kwa hiyo kuna mgeni amehamia ndani ya pete."

"Ndiyo, baba."

"Na hizi nyingine zimempokea."

"Zimempokea."

Baba akamgeukia Manyanda. "Alikuja na ng'ombe?"

Sebule yote ilicheka, hata shangazi, ingawa yeye alijificha kwa kukohoa. Maduhu aliwaeleza habari ya vidonda: wagonjwa wanaorudi kituoni wiki baada ya wiki, usaha haukauki, dawa zilizozoeleka zinaanza kushindwa. Akasema hajatengeneza dawa, asiwadanganye, safari ya kufika kwenye dawa ni ya miaka na ni ya watu wengi. Lakini pete ya saba ni mlango. Kwa pete hiyo anamaliza shahada yake.

Wakati anazungumza nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba na birika mkononi. Nilisali sala fupi kuliko zote nilizonazo. Nilisema, Bwana, mwingine aseme. Hakuna mwingine aliyekuwa anajua.

Baba alijinyoosha. Alisema tangu mwanzo sharti lake lilikuwa moja, kijana amalize shule kwanza, kwa sababu amewaona wengi wanaooa na vitabu vinabaki kuwa vya kuwashia moto. Sasa anaona shule imefika mwisho, na ameona hata karanga. Kwa hiyo yeye kama mzazi hana tena...

"Baba," nilisema, "usimalize kwanza."

Wote walinitazama. Niliweka birika chini.

Niliwaeleza. Nilisema polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayejibu swali la mtihani: vikaratasi, sufuria, ndoo, darasa la Alhamisi, kipande cha kanga. Baba hakuelewa yote. Shangazi alielewa mapema, nilimwona anaweka mkono kwenye shavu. Maduhu aliacha nimalize kabisa.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi."

"Ulivisuuza kwa maji?"

"Hapana."

"Vilikauka?"

"Juujuu."

Alikuwa ananiuliza kama anavyouliza wagonjwa, sauti haipandi wala haishuki. Akatazama vidole vyake vya rangi ya machungwa, akavigeuza upande wa pili, kama kuna kitu alitarajia kukiona huko. Kisha akaomba radhi kwa wazee, akasimama, akatoka barazani. Baba alinipa ishara kwa kichwa. Nikamfuata.

Alikuwa ameegemea nguzo, maji ya bati yanamchuruzikia begani na hakusogea. Nilisimama mbali naye hatua mbili. Nilitaka kumshika mkono, na nilijua kwamba leo mkono huo si wangu kuushika.

"Jana ulinisikia kwenye simu," alisema. "Ungeniambia jana."

"Ulikuwa unacheka."

"Kwa hiyo ukasubiri nikae mbele ya baba yako."

"Sikusubiri. Niliogopa. Halafu nikaona baba anataka kusema ndiyo, na hiyo ndiyo yake ingekaa juu ya ndoo yangu ya klorini. Ningekula chakula cha harusi namna gani?"

"Miezi minane, Lusia."

"Najua. Barafu niliibeba mimi."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapita na baiskeli, anaisukuma, magurudumu yamekwama kwa tope. Tulimtazama wote wawili mpaka akapotea.

"Ningeweza kukaa kimya," Maduhu alisema. "Unalijua hilo? Hakuna atakayerudia kipimo kile. Karatasi itasainiwa, itawekwa kabatini, basi. Mimi nina miaka thelathini na saba. Nimechoka kuwa mwanafunzi."

"Na mimi nimechoka."

"Basi nyamaza na mimi."

Namshukuru Mungu kwamba alilisema neno lile akitazama chini. Angenitazama machoni, na kwa vile nilivyompenda, sijui ningejibu nini.

"Yule mama wa kidonda cha mguu," nilimwambia, "huwa nambadilishia mashuka. Kila Jumatatu ananiuliza, yule kijana wa rangi amefika wapi. Nimwambie amefika?"

"Wewe na dhamiri yako mtaniua."

"Maduhu."

"Samahani." Alijifuta uso kwa mkono wote. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini, ingawa alikuwa amesimama. "Na kibaya zaidi, hatujui hata kama imekataa. Huenda inaua kweli, huenda haiui. Kilichokufa ni jibu. Nianze tena na visahani, nianze na barafu, rangi yenyewe imebaki ya kuchovya mara mbili." Akanigeukia. "Nina hasira na wewe. Sitaki kukudanganya. Ninakupenda na nina hasira, vyote viko hapa."

"Kaa navyo. Mimi siendi popote."

Alinitazama. Nilichokiona machoni kwake hakikuwa msamaha, kilikuwa uchovu tu, uchovu ule ule wangu, na nilitamani kulaza kichwa changu kwenye shati lake lililolowa nilale mpaka mvua iishe. Shangazi akatuita ndani.

Tulikuta wamehama viti. Shangazi alikuwa amekaa katikati, mahali pa baba, na baba amemwachia. Lile duara la karanga lilikuwa bado kwenye sinia, isipokuwa Manyanda alikuwa amekula mbili kwa mawazo.

"Kaeni," shangazi alisema. "Mnadhani mimi sikumtaka huyu kijana kwa sababu ya kabila lake, au hivyo vidole. Na kwenye lile daftari nilitafuta sababu, nakiri. Sababu yangu yenyewe sijawahi kuisema, hata kaka hapa haijui vizuri."

Akatueleza habari ambayo mimi, niliyelelewa naye, nilikuwa sijawahi kuisikia. Alipoolewa Inyonga walikuwa wanalima tumbaku. Mwaka wa pili wa ndoa yake mume wake alimwachia bani, kile chumba cha kukaushia, achochee moto usiku kucha. Alikuwa na mimba, akapitiwa na usingizi, moto ukapanda. Tumbaku ya msimu mzima ikateketea na bani lenyewe. Mume hakumpiga. Siku ile hata alimbembeleza, akasema ni ajali, hata yeye angeweza kulala. Lakini miezi michache baadaye chumvi ilizidi kwenye mboga, na akasema, si ajabu kwa mtu aliyechoma bani. Tangu hapo neno likapata miguu. Lilikuja kwenye chai, likaja kwenye misiba, likaja mbele ya wakwe, mbele ya watoto, miaka kumi na mmoja.

"Watu wanasema Yustina aliondoka kwa mume kwa kiburi," alisema. "Sikuondoka kwa sababu ya moto. Niliondoka kwa sababu ya neno." Akamwelekezea Maduhu kidole. "Sasa leo mbele yangu huyu mtoto amechoma bani lako. Kwa mdomo wake mwenyewe amesema. Swali langu ni moja. Mwaka wa kumi, umerudi kazini umechoka, chakula kimechelewa, mtoto analia. Utamwambia nini kuhusu ndoo ya klorini?"

Nilimwona Maduhu akitafuta jibu zuri, halafu akaliacha.

"Sijui, shangazi," alisema. "Leo nina hasira. Nikisema sitalisema kamwe, nitakuwa nasema ili mnipe mke."

"Hilo jibu nimelielewa," baba alisema. Akamuuliza Manyanda, kama ndugu, mdogo wake hasira zake ni za namna gani. Manyanda alikuna kidevu. Alisema Maduhu akikasirika hunyamaza siku mbili, ya tatu anafanya kazi kwa nguvu sana, ya nne anaomba chakula. Hajawahi kumsikia akirudia jambo. Walipokuwa vijana yeye Manyanda alimpotezea ndama wake, ndama pekee, akamtafuta siku nzima asimpate. Alingoja kuambiwa neno la lawama. Mpaka leo hajaambiwa.

"Huyo ndama nilikuwa nampenda sana," Maduhu alisema.

"Najua," kaka yake alimjibu. "Ndiyo maana nakwambia hujaniambia."

Baba alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema sharti lake la shule halibadiliki, lakini shule hiyo sasa imechelewa kwa mkono wa binti yake, kwa hiyo hawezi kumdai kijana peke yake. Posa ataipokea. Harusi itasubiri mpaka kazi irudiwe, itoke jibu lolote litakalotoka, likiwa zuri, likiwa baya, mradi liwe la kweli. Mimi nitasaidia kurudia, na safari hii niandikiwe kila kitu kwenye karatasi. Lakini hayo yote, alisema, yako chini ya swali la dada yake. Kama halina jibu, chai imeisha, wageni wamekaribishwa, tumwombe Mungu awafikishe salama.

Nilikuwa nimekunja mikono mapajani na sikuwa na sala hata moja iliyobaki. Niliacha tu moyo wangu ukae wazi, kama mlango ambao mtu amechoka kuufunga.

Maduhu alisimama. Hakuja upande wangu. Alisimama katikati ya sebule, mikono imening'inia, shati limegandana na mgongo.

"Nikiahidi sasa siahidi kwa sababu hasira imeisha," alisema. "Naahidi ikiwepo."

"Ahidi kwa sauti," shangazi alisema. "Tusikie sote."

"Mzee Hilari. Shangazi Yustina. Kaka Manyanda. Nyie watatu ni mashahidi. Jumatatu namwandikia msimamizi wangu kwamba majibu ya saba yafutwe, na nitaandika kwamba maelekezo yalikuwa yangu na hayakutosha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kazi nitairudia yote." Hapo ndipo aliponigeukia, na sauti yake ikapungua kidogo, lakini hakuna aliyekosa kuisikia. "Na wewe, Lusia. Huenda kesho nikaamka bado nimekasirika. Lakini neno hili sitakupiga nalo. Si tukigombana, si mbele ya watoto, si nikiwa mzee. Siku likinitoka, hata mara moja, shangazi aje akuchukue, na mimi mwenyewe nitakubebea mizigo yako mpaka barabarani."